Sweta Ndani ya Gunia la Mabaki

Dada yangu hakuwa na subira na nyuzi za plastiki. Mteja akimletea uzi wa dukani afume, yeye alikata kipande akakiwashia kiberiti mbele ya mwenyewe. Kikiyeyuka na kudondoka matone, alimrudishia mzigo wake wote.

"Huu ni mfuko wa takataka, mpenzi. Ukiufukia leo, wajukuu wako wataukuta vilevile."

Sufu ya kondoo ilinuka kama nywele zinazoungua, ikawa jivu, naye akatabasamu utadhani kaizaa yeye. Sokoni wakambandika jina la Mama Sufu.

Nyumbani hakutupa hata unyuzi. Mabaki yote aliyatia kwenye gunia chini ya kitanda, na mvua zikikaribia alimwita mumewe wakayafukie kwenye matuta ya mchicha. Sufu hushika maji, alisema, kisha huoza na kuulisha udongo. Shemeji, dereva wa lori asiyejua kubisha, alichimba na kuitikia.

Ila ndani ya gunia lile mlikuwa na kitu kisicho mabaki. Mtoto wao wa pekee alipofariki kwa homa, hata shule hajaanza, shemeji alizigawa nguo zake zote kwa sababu hakuweza kuziona. Dada akaficha sweta moja la sufu alilomfumia mwenyewe. Hakulifua. Alilisokomeza katikati ya mabaki, mahali ambapo hakuna mtu angepekua, na harufu ya mtoto ilikuwa bado shingoni. Kila msimu wa kufukia alilitoa kwanza, kisha akalirudisha. Alinionyesha mimi tu.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji, akaja kuuguzwa kwangu msimu wote wa mvua. Siku niliyomrudisha, shemeji alitupokea uso umemchanua, akamshika mkono mpaka uani. Mchicha ulikuwa umefika magotini.

"Gunia lote nimelifukia mwenyewe," alisema. "Sikutaka ukirudi ukute kazi."

Dada alipiga magoti, mshono wake haujapona sawasawa, akaanza kufukua kwa mikono. Nilimvuta, akanisukuma.

"Kuna nini, mke wangu? Nimekosea wapi?"

"Sweta la mtoto lilikuwa humo."

Shemeji aliketi kwenye tope na suruali yake safi, akachimba pamoja naye.

Sufu ilikuwa imekwisha. Udongo pale ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyungunyungu, kama dada alivyowaambia watu miaka yote. Walichopata ni vifungo vitatu vya plastiki, vizima, rangi yake haijapauka.

Dada alivifuta kwa upindo wa gauni, akavinusa kimoja kimoja.

"Vinanukia?" shemeji aliuliza.

"Havinuki kitu, baba," alisema, akamwekea kiganjani, akamfumba vidole.