Mtoto Aliyemchora Baba Yake Bila Kichwa

Yule mtoto alimchora baba yake vizuri sana, ila hakumtia kichwa.

Nakwambia ukweli. Cherehani ipo. Pedali ipo. Mkasi upo mkononi. Futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, na juu ya shingo hakuna kitu, karatasi nyeupe tu.

Ilikuwa mji wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1956, kwenye zahanati. Mimi ndiye niliyempa kalamu.

Naitwa Azarias. Nimevuka miaka tisini, macho yamechoka, mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu mimi nikisema. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekaa hapa anacheka, hajui bado nitamwandikisha nini.

Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Minembwe, mtoto wa wachunga ng'ombe, Mprotestanti tangu kuzaliwa. Nilikuwa muuguzi kijana pale Fizi. Daktari mmoja Mbelgiji, Dokta Henri, akanichagua nijifunze kwake miaka miwili: magonjwa ya akili ya watoto.

Weee! Mtu mweusi, zama zile, kufundishwa kazi ya akili? Nilitembea nimeinua mabega utadhani nimenunua barabara.

Kila Alhamisi tulishuka Baraka kwa gari la Dokta. Mtoto anakaa, anapewa karatasi, anaambiwa achore mtu. Kisha Dokta anausoma ule mchoro. Mikono mirefu ina maana yake, miguu mifupi ina maana yake. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kuandika.

Baada ya miezi kadhaa nikagundua kitu. Mimi, si yeye.

Watoto sita wa mwambao, wote wa familia za Kiislamu, walikuwa wamechora watu wasio na vichwa. Watoto wa milimani hawakufanya hivyo hata mmoja.

Nikaandika kurasa kumi na mbili kwa Kifaransa safi. Nikasema ni ugonjwa uliojificha, wa watoto wa ziwani, ambao haujaandikwa popote.

Dokta alisoma akavua miwani.

"Azarias, hiki ni kitu kipya," akasema. "Kwa kazi hii utapata shahada. Nitakupeleka Brussels ukaisome mbele ya madaktari."

Usiku ule sikulala kwa furaha, ujinga mtupu.

Wiki iliyofuata ndipo akaja Mwanahamisi, yule wa mchoro. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Useni fundi cherehani, alikuwa amekufa kwa homa miezi miwili nyuma, na tangu siku ya mazishi mtoto hakusema neno. Mama yake, Latifa, alikuja kuomba dawa ya kumfungua mdomo. Ni hilo tu alilotaka.

Dokta aliushika ule mchoro kwa mikono miwili.

"Amemkata baba yake kichwa," akasema. "Huyu ni wa saba. Na huyu ndiye mgonjwa kuliko wote."

Mama akaona nyuso zetu zimebadilika. Akaniuliza kwa Kiswahili:

"Muganga, iko nini? Ni juu ya ile kichwa?"

"Ndiyo, Mama Mwanahamisi. Muzungu anashangaa."

Akacheka kidogo. Naapa, alicheka.

"Aa, muambie asiogope. Mwalimu Assani wa chuo anakatazaka batoto kuchora kitu yenye roho. Mutu bila kichwa ni sawa na muti tu, haina zambi. Batoto bote ba chuo banachoraka vile. Njo maana hakutia."

Chuo ni pale watoto wanaposoma Kurani. Miezi yote ile nilikuwa nikipita mlangoni pake, nikiwasikia wanasoma, na sikuwahi kuuliza lolote.

Niliweka kalamu chini.

Kurasa kumi na mbili. Shahada. Brussels. Vyote vimebomolewa na mama mmoja aliyevaa kanga ya eda, kwa maneno ambayo hayakujaa hata dakika moja.

"Mama anasema nini?" Dokta akauliza.

Sikilizeni vizuri hapa, maana maisha yangu yote yamekaa katika jibu hili.

Nikasema: "Anasema mtoto ana huzuni."

Basi. Dokta akaandika barua. Mwanahamisi apelekwe kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, mbali kule Katanga, akachunguzwe miezi mitatu. Zama zile barua ya Mzungu haikuwa ombi. Latifa akanitazama mimi.

"Atapona kule?"

"Atapona, mama."

"Na ile maneno ya mwalimu, ulimuambia?"

"Nilimuambia."

Siku ya safari tulikuwa bandarini, meli ya kwenda kusini inapakia. Askari amemshika mtoto mkono. Ghafla Mwanahamisi akageuka, akasema maneno yake ya kwanza tangu baba yake afe:

"Mama, mi niko muzima. Turudi kwetu."

Latifa akapiga yowe akataka kumchukua. Dokta akatabasamu, akanigusa bega.

"Unaona? Tiba imeshaanza kufanya kazi."

Meli ikaondoka naye. Nami nikaandika kwenye daftari: mgonjwa amesema.

Miezi mitatu ikapita, ikawa mitano. Ikaja barua Fizi. Mistari minne. Mtoto amekufa kwa homa ya mapafu, amezikwa hukohuko.

Nikaenda nyumbani kwa Dokta, nikamkuta mezani anasahihisha makala yake, ambayo jina langu halikuwamo. Sikujali jina. Nikamwaga yote: chuo, Mwalimu Assani, maneno ya mama, uongo wangu. Nilikuwa nalia wazi kama mtoto. Nilitaka anipige, anifukuze.

Alingoja nimalize.

"Azarias," akasema taratibu, "nilifanya kazi Misri miaka minne. Unafikiri sijui Waislamu wanavyochora?"

Sikuelewa. Nikamwuliza kwa nini basi.

"Kazi yako ilikuwa nzuri. Ingekuwa hasara kuiharibu."

Akarudi kwenye karatasi zake.

Kumbe siku ile, katika chumba kile, watu wote tuliijua kweli isipokuwa karatasi! Ningetamka sentensi moja kwa sauti, mbele ya mama na wauguzi wa zahanati, angekosa pa kujificha. Alinitegemea ninyamaze, na alinijua vizuri kuliko nilivyojijua.

Akanituma mimi nikaisome ile barua Baraka. Nani mwingine?

Latifa alikuwa ameketi kwenye cherehani ya marehemu, amejifunza kushona. Nikatafsiri mistari yote minne, sikuacha hata koma. Alilia mpaka majirani wakajaa. Baadaye akanishika mikono yote miwili.

"Muganga, usijiumize. We ulisema. Ni Muzungu njo alikataa kusikia."

Nilifungua mdomo. Majirani wananitazama.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Alikataa."

Akaniombea dua kwa jina langu.

Shahada nilipata mwaka 1958. Mjukuu wangu hacheki tena, ameacha kubonyeza mara mbili nikamwambia aendelee.

Ninyi vijana mnaotafsiri leo kwa wageni wa miradi, na mama anasema, na ninyi mnakata maneno kwa kuwa bosi ana haraka au ripoti imeshaandikwa: fikisheni yote. Mimi niliacha sentensi moja tu. Latifa alikufa zamani, na alikufa akiniita mtu mwema.