Mkanda Uliovunja Kamati ya Mbwa

Mimi nimeona bunduki ya serikali ikitekwa na mjane, mchana kweupe, na mwenye bunduki akabaki kucheka.

Msinibishie. Ilikuwa Mpanda, miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Nilikuwa kijana, na waliyoyasahau wakubwa wote mimi ninayo kichwani.

Mji ulijaa mbwa wasio na mwenyewe. Mchana machinjioni, jioni mitaani kuuma watu. Tulilalamika mpaka midomo ikakauka.

Serikali ikasikia. Ikaunda Kamati ya Mbwa!

Mkubwa wake alikuwa Mzungu tuliyembandika jina Bwana Mikia, maana kila Jumamosi alitaka amwagiwe mezani mikia ya mbwa waliouawa, aone kazi imefanyika. Amri yake: mbwa asiye na mkanda shingoni, risasi.

Tukamuuliza, mikanda inapatikana wapi?

"Imeagizwa."

Wapigaji walikuwa wawili. Evarist, mtu wa kwetu, na Ambrosi, mgeni aliyeshuka na treni juzijuzi.

Sasa sikieni akili zao. Mbwa wa machinjioni akiona bunduki, huyoo porini. Mbwa wa nyumbani amefungwa mlangoni, anakutikisia mkia. Wewe ungekata mkia wa nani?

Jirani yetu Mzee Kasimu alipigiwa risasi mbwa wake mlangoni.

"Si amefungwa kamba huyu?" nikafoka.

"Amri inasema mkanda," Ambrosi akajibu. "Kamba haimo."

Siku hiyohiyo Evarist akamwambia dada yangu Generosa, "Kesho zamu ya wako."

Generosa alikuwa mjane, watoto wadogo wamemzunguka. Mbwa wake, aliyeitwa Watasema, ndiye aliyefukuza nguruwe pori shambani. Bila yeye mahindi hakuna, na bila mahindi watoto wanalala njaa.

Nikamwambia twende tukapige kelele ofisini.

"Kaka, wewe kazi yako mdomo tu. Niachie mtani wangu."

Evarist alikuwa mtani wa ukoo wetu. Na kwetu mtani ndiye anayechimba kaburi. Tena mtani akikutekea kitu hununi. Unakomboa.

Kesho yake Evarist akamkuta Watasema kalazwa uani, kafunikwa kaniki, dada anapiga mayowe.

"Mtani wee, umechelewa! Marehemu katangulia. Chimba!"

"Mbona marehemu anatikisa mkia?"

"Anakusalimia, mbwa mwenzake!"

Watu hoi. Evarist naye kicheko, akaegemeza bunduki ukutani, akashika jembe. Hajatoa hata udongo wa kujaza karai, Generosa kadaka bunduki, kaingia nayo ndani.

"Komboa!"

"Wee mwanamke, hiyo ya serikali!"

"Serikali si mtani wangu. Mtani wangu wewe. Lete mkanda."

Angenuna, angechekwa mpaka na wajukuu. Akaondoka mikono mitupu. Jua halijazama karudi na mkanda wa ngozi, unang'aa. Watasema akavishwa, bunduki ikatoka.

"Ile iliyoagizwa imefika?" nikamuuliza.

"Bado. Huu nimeuazima."

Akatundika bunduki begani, huyoo.

Jumamosi nikamsindikiza Mzee Kasimu ofisini kudai haki ya mbwa wake. Tukakuta Ambrosi, kifua mbele, anamwaga gunia la mikia mezani.

Bwana Mikia akageuza mmoja. Akageuza mwingine. Halafu akaganda.

Mkia mrefu, manyoya ya rangi ya asali. Mpanda nzima mbwa wa namna ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa analala kwenye baraza la Bwana Mikia.

"Huyu ulimpata wapi?"

"Machinjioni, bwana, anakula na wenzake. Hakuwa na mkanda!"

Evarist, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha mbwa wa mkubwa, alikuwa anakagua dari.

Mzee Kasimu akavua kofia.

"Pole sana, bwana. Amri ndivyo ilivyo. Na manyoya mazuri nayo hayamo."

Kamati ikavunjwa mchana uleule. Sisi tulipolia tuliambiwa amri ni amri.

Mbwa wa machinjioni? Walibaki, wamenenepa.

Basi nyie mnaoandika kwenye magrupu kwamba mbwa wamejaa mitaani na ofisi haisikii, mnakosea. Inasikia vizuri sana. Inangoja kilio kitoke kwenye baraza lake.

Na zoezi likitangazwa, usijipe moyo kwamba wewe umetulia kwako, umefungwa vizuri, unatikisa mkia.

Wanaanza na wewe.