Mlolongo wa Abu Hamour

Kaka yetu mkubwa, Barasa, anawania ugavana, na kabla ya uchaguzi kuna mchujo wa chama. Ndiyo maana alinituma Doha. Watu wa kaunti yetu walioko huko walikuwa wameamua kukutana wachague mgombea mmoja tu wa kumuunga mkono, na kwetu mtu wa Qatar akipiga simu, boma zima husikiliza. Barasa aliniambia nikiwakosa wale, tumekwisha. Mimi niliona kazi rahisi. Si dada yetu Nekesa yuko huko?

Jumatano nilitua. Nekesa, ambaye ni muuguzi, alinipeleka kwake Al Wukair akanisongea ugali. Jamani, dada huyu! Alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, na bado alipata nguvu za kunicheka kitambi.

Alhamisi alinitembeza kisiwa cha The Pearl, tukatazama maboti ya matajiri. Nilimweleza mipango ya kaka. Hakusema ndiyo wala la, nami nikaihesabu kura yake kuwa yetu.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya kanisa, baada ya ibada tulikusanyika Abu Hamour, sebuleni kwa mwenyekiti wao. Nilihutubia, kisha akahutubia mjumbe wa mama mmoja daktari, mpinzani wetu. Halafu ukaitishwa mlolongo: anayemtaka Barasa asimame nyuma yangu, anayemtaka daktari asimame nyuma ya mwenzangu. Nekesa alinipita, akawa wa kwanza kusimama kule.

Niliumia. Nilimuuliza mbele ya wote kama amesahau damu yake.

"Sijasahau," alisema. "Barasa alikuwa waziri wa afya wa kaunti tulipogoma kwa kukosa glavu wodini. Akatufuta kazi. Kwangu utakula na utalala, kaka, lakini kura yangu ni ya wagonjwa."

Mlolongo wao ulifika hadi jikoni. Wangu ulikuwa na watu sita. Hakuna aliyenizomea, na pilau walinipakulia mimi kwanza. Hasira zangu zilidumu mpaka jioni, kisha nikaona haya.

Jumapili Nekesa alinisindikiza uwanja wa ndege, akanipa tende za kumpelekea Barasa. Nimezunguka na wanasiasa miaka mingi, na sijaona mtu mwenye ujasiri mpole namna ile.

Nyumbani, Barasa alinisikiliza akiwa amesimama.

"Hata Nekesa?"

"Hata Nekesa."

Alizipokea tende. "Na wewe ungesimama wapi?"

Kampeni zake zote nimezifanya mimi, na hakuwahi kuniuliza swali hilo.

"Nyuma ya Nekesa," nikamjibu.