Anwani ya Kompyuta ya Timau

Juzi fundi aliniomba anwani ya IP ya kompyuta yangu, nami kwa kisomo changu chote cha sekondari nikamsomea sanduku la posta. Alicheka. Mimi nilikumbuka Timau, ambako mama alikuwa akifagia ofisi ya shamba la maua nilipokuwa mtoto. Nilipomtembelea, karani alinionyesha namba zenye nukta kwenye skrini, akasema ndiyo anwani ya kompyuta hiyo. Chumba kilinuka dawa ya maua.

Mama alipoacha kuja nyumbani Kanja, nilimwandikia barua, nikajaza namba zile juu ya bahasha. Nilimpa jirani yetu Mama Njeru aipeleke posta. Aliitazama, akanirudishia, akaendelea kupukuchulia mahindi kwenye karai.

"Wewe, mama yako njia anaijua. Kuja ndio hataki."