Kuwinda na Kutega

Walimwita Tanzi, kwa ile kamba yake ya kunasia wanyama, na hata mkewe alikuwa karibu kulisahau jina alilozaliwa nalo. Babu yake Tanzi alitega paa bila kumwomba mtu ruhusa. Baba yake alikata kibali: paa wawili kwa mwaka, karatasi kaikunja ndani ya kofia. Zamu ya Tanzi ilipofika, akakuta uzio na bango. Msitu ni hifadhi, paa ni nyara za serikali, na vibali ni vya wageni wenye bunduki na magari. Akabaki na ufundi wake kama kinyozi kwenye mji wa vipara.

Akawa anatega kwa kuibia, hadi askari wa wanyamapori walipomkuta njiani na paa begani. Mtego hawakuuona.

Siku ya kesi, kwenye benchi nje ya mahakama, mkewe alimfunga kifungo cha shati.

“Baba watoto, ukiulizwa, sema ulimkuta keshakufa. Ukimaliza, funga mdomo.”

“Kwani mimi ni msemaji?”

“Wewe? Hata mbuzi akikuuliza njia utamweleza tanzi linavyofungwa.”

Hakimu, mwanamke mpole wa makamo, alimuuliza taratibu, “Mzee, uliwinda ndani ya hifadhi?”

“Sikuwinda, mheshimiwa.”

Mkewe akashusha pumzi. Mapema mno.

“Kuwinda ni kukimbizana na mnyama kwa mbwa na makelele. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwinda. Sisi tunatega.”

Akaeleza kwa mikono: tawi la kupinda, urefu wa kamba, mahali paa anapoinamisha kichwa. Karani akaandika yote. Mwendesha mashtaka akafunga jalada lake. Hakubakiwa na la kuuliza.

“Kwa hiyo ulimtega?”

“Natega mwaka wa arobaini huu, mheshimiwa.”

Alisema kwa fahari, kama mtu anayeomba kazi. Kumbe kwenye kitabu cha hakimu, kutega nako ni kuwinda. Akapigwa miaka mitano.

Mlangoni mwa gari la magereza alimgeukia mkewe, pingu mikononi.

“Mama watoto, nimekosea wapi? Si nimesema kweli?”

Mkewe alizitazama mvi zake. Alikuwa anajumlisha miaka sitini na saba ya mumewe na mitano ya kifungo, na hesabu haikuwa ngumu.