Sentensi ya Chumbani
Dada yangu ni fundi wa makochi. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, naye alikuwa amekonda kweli. Mumewe ndiye husambaza makochi tunayotengeneza. Akichelewa kurudi, dada hugongelea misumari kwa hasira mpaka mimi mdogo wake namnyang'anya nyundo. "Da' mkubwa, hilo ni kochi la watu!"

Dawa aliletewa na mteja wetu, muuza mapazia, mwanamke wa sauti laini na shingo ndefu. Alimfundisha hivi: mume na mke wakae wakitazamana, wavute pumzi za haraka haraka mpaka kichwa kiwe chepesi, kisha wapendane. Raha ikifika kileleni, akili haiko huku wala kule, watamke kwa sauti wanachokitaka, kana kwamba wameshakipata.

"Saa hiyo moyo hauna mlinzi mlangoni," alisema. "Neno likiingia, linakaa."

Dada akamchagulia mumewe sentensi: Moyo wangu ni wako peke yako. Mwanzoni shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Baadaye akazoea, tena akazoea vizuri, maana alianza kuwahi nyumbani. Dada akanawiri. Akawa anaimba kwenye cherehani, na mimi niliyeachwa solemba na mchumba nilimwonea kijicho bila hata kujificha. Kila asubuhi alinisimulia, kana kwamba nimemuuliza.

Kisha muuza mapazia akaagiza kochi kubwa. Anakaa ghorofa ya juu kabisa, na lifti ya jengo lile ni pambo tu. Shemeji alishika upande wa juu, dada wa chini, mimi nikafuata na mito. Kila kona ya ngazi ilikuwa ugomvi.

"Inua, baba, inua! Unaniponda vidole!"

"Nikiinua zaidi ya hapa nitatoka roho, mama."

Tulipofika, shemeji alitua upande wake na kugeukia mlango. Alikuwa anahema haraka haraka, kichwa kinamzunguka, macho yamelegea. Muuza mapazia alisimama mbele yake na glasi ya maji. Shemeji akaipokea, na kwa sauti ya chini ambayo sikupaswa kuijua, akamwambia, "Moyo wangu ni wako peke yako."

Mito ilinidondoka. Muuza mapazia akaziba mdomo kwa kiganja, na naapa nyuma ya kiganja kile kulikuwa na kicheko. Nilimchukia yeye na shingo yake. Dada hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kufanya.

"Mke wangu, haki ya Mungu, ni pumzi!" shemeji akaanza kujitetea. "Kichwa kimekuwa chepesi, ulimi umejiendea wenyewe. Sikumaanisha chochote!"

Dada alijifuta jasho kwa mkono wa gauni.

"Na kwangu je?" akauliza. "Huwa ni wewe unayesema, au ni pumzi?"

Shemeji akafungua mdomo. Dada akamnyooshea kidole.

"Ngoja kwanza, pumzika. Nataka jibu la mtu asiyehema."

Tukasimama pale ngazini tukimsubiri. Kifua chake kikatulia, jasho likamkauka usoni, na bado hakusema kitu.