Gauni Alilonifulia

Watu wakisikia nilifanya kazi hospitalini wakati wa korona huniuliza kama nilikuwa nesi. Nawaambia nilikuwa londri, kufua. Uso unawashuka kidogo. Hawajui kwamba shuka la mgonjwa likitoka kitandani, mtu wa kwanza kulikumbatia ni mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Magunia yanaletwa, tunayamwaga chini, tunakung'uta mashuka moja moja kabla hayajaingia kwa mashine. Lazima ukung'ute, kwa sababu wagonjwa husahau vitu humo: kijiko, rozari, meno ya bandia, hata sindano iliyomponyoka nesi. Kitu kigumu kikiingia, mashine inaharibika, na ikiharibika unaulizwa wewe. Kwa hivyo korona ilikuja ikatukuta tunakung'uta, na tukaendelea, vumbi la wadi nzima likituingia machoni.

Tulimwomba msimamizi wetu barakoa. Akasema zilizoko ni za wale wanaogusa wagonjwa.

"Nyinyi mnagusa nguo."

Mwenzangu mmoja, mama wa Ziwani asiyejua kunyamaza, akamwuliza, "Na hizo nguo, madam, zimevuliwa mti?"

Tulicheka, lakini barakoa hatukupata. Tukajifunga vitambaa mdomoni. Daktari mkuu alipita akatuona, akasema, "Mmekuwa maninja siku hizi," akaenda zake na barakoa yake nzuri.

Halafu kulikuwa na hili jambo la yunifomu. Mashine zile kubwa zilifua kila kitu cha hospitali kwa maji ya moto kabisa, isipokuwa magauni yetu. Miaka ya nyuma wafanyakazi walikuwa wakileta mablanketi ya kwao na mapazia, ikawekwa sheria kwamba nguo ya mfanyakazi haiingii. Korona haikuiondoa. Niliomba mimi mwenyewe. Nilimwambia msimamizi nina mtu nyumbani ambaye kifua chake ni kibovu.

"Sheria si yangu, mama. Ongea na kampuni."

Mwenye kampuni iliyotuandika sijamwona hadi leo. Basi sisi tuliofulia hospitali nzima tulienda makwetu kila jioni na hospitali imefungwa ndani ya mfuko.

Huyo mtu wangu ni mume wangu. Amechomelea vyuma kando ya barabara hapa Mowlem, Nairobi, tangu tukiwa vijana, milango na madirisha, pua wazi, na moshi ule ukamkaa ndani. Baridi ya Julai ikifika, anapumua kama mtu anayeburuta meza. Mwaka ule niliogopa kitu kimoja tu: nisije nikampelekea korona. Mimi nikipata, nipate. Yeye hapana.

Nikajiwekea utaratibu. Gauni nililitia kwenye ndoo yenye kifuniko pale balkoni, nikamwambia asiiguse, nitafua mwenyewe siku ya maji, maana kwa ploti yetu maji hayaji kila siku. Nilioga kabla ya kumsalimia. Kitanda nilihama, nikawa nalala kwa kochi.

"Kwa hivyo umeniacha lakini hujaondoka," akasema.

"Nimeacha kifua tu. Kwingine nitarudi."

Kazi yake ilikuwa imelala. Nani angejenga wakati ule? Mwanamume aliyezoea kurudi na masizi mpaka masikioni akawa anashinda ndani akipanga vikombe. Aliniona nikirudi nimekwisha, maana wenzangu wengine walikuwa wameshaugua na tuliobaki tulibeba zamu zao.

Siku moja, nikiwa bado barabarani, nikaona gauni langu liko kwa kamba. Jeupe, limenyooshwa pindo. Nilipofika, ndoo ilikuwa imeinamishwa ikauke, na yeye amesimama mlangoni akijaribu kutotabasamu.

"Maji yamekuja, nikaona nikupunguzie kazi."

Nikachungulia ndani ya ile ndoo.

"Jirani wa juu ameniona akaniita, 'Fundi, umekaliwa chapati!' Ati mke amenitawala. Nikamwambia, 'Nimekaliwa, na hiyo chapati yenyewe sijaionja.'"

Alitaka nicheke. Nikamwuliza alilifua vipi.

"Vizuri! Nimelikung'uta kwanza, vile huwa unanihadithia. Halafu kola nikaisugua na mkono."

Akaninyooshea mikono niione. Kucha zilikuwa safi, mara ya kwanza tangu tuoane, na ngozi ya vidole imebabuka kwa sabuni. Ningemfokea vipi mtu kama huyo? Nilikuwa nimejikataza kumgusa muda mrefu. Nikaishika ile mikono.

Wiki haikuisha, akaanza kukohoa. Kikohozi chake nakijua kama sauti yake. Hiki kilikuwa cha mtu mwingine, kikavu, hakina mwisho. Siku hiyohiyo kazini nilifungua dawa ya kuua viini, ile inayotutoa machozi, nikainusa mpaka nikaisogeza puani, na sikusikia harufu yoyote. Basi tulikuwa nayo sote wawili. Ilipitia kwa gauni? Ilipitia kwangu? Hakuna anayejua. Lakini dada yake mkubwa alipiga simu kutoka nyumbani, kule magharibi, na yeye alijua yote.

"Ni wewe umemletea ndugu yetu huo ugonjwa."

Mume wangu akaninyang'anya simu. "Dada, nilifua gauni la mke wangu. Mwenye shida na hiyo aje anishtaki." Alikohoa mpaka simu ikaanguka. Hayo yakawa maneno yake marefu ya mwisho kwa siku nyingi.

Walimlaza palepale ninapofanya kazi, kwa oksijeni, na mimi nikafungiwa nyumbani. Keateka, mtunzaji wa ploti, aliniagiza nichote maji baada ya wote. Jirani yangu, mama wa kutoka Nyeri, alikuwa akiweka bakuli la githeri mlangoni, anabisha, kisha anatoroka kama mtoto mtundu, na mwili wake wote ule.

Kuongea mume wangu hakuweza, kwa hivyo tulipatana aniflash asubuhi na jioni. Simu ikilia mara moja ikakatika, najua amepumua hadi hapo. Namrudishia flash yangu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kuna asubuhi haikulia. Saa sita haikulia. Nilikaa chini nimeishika kwa mikono miwili, na nikaanza kuwataja kwa sauti. Nilimtaja msimamizi kwa jina lake na la baba yake. Nikamtaja daktari mkuu na mzaha wake. Yule wa kampuni nisiyemjua nikamwita "wewe mwenye kampuni, popote ulipo." Nikawataja na wakubwa waliotoka kwa televisheni kutupigia makofi, wakati kitambaa changu cha mdomoni nilikikata kwa petikoti. Jirani alinisikia akaja kusimama nje ya mlango. Hakubisha wala kutoroka siku hiyo. Aliketi tu kwa ngazi.

Jioni simu ikalia mara moja, ikakatika. Ikalia tena. Chaji ilikuwa imemwishia, na nesi mmoja akamwazima chaja. Ile flash ya pili haikuwa kwa mapatano. Alijua nimeumia.

Alirudi. Kandarasi yangu haikurudi. Waliacha tu kuniita. Yeye husema nisamehe, yamepita. Namwambia, "Wewe samehe. Mimi nitakubebea hasira, kifua chako hakiiwezi." Na sitanii. Hao watu bado wanakula mshahara, na mama yule wa Ziwani tulimzika.

Tunaishi ghorofa ya nne. Tukipanda, anasimama kila ghorofa, na hataki watu wajue ni pumzi, kwa hivyo anasalimia. Anauliza watoto wa hapo wanaendeleaje na shule. Anashikashika mlango wa mtu, anasema bawaba hizi zimechomelewa vibaya, atakuja aziangalie. Mimi nasimama nyuma yake na sukuma wiki, natafuta kwenye mkoba ufunguo ninaojua uko wapi, mpaka nisikie kifua kimetulia. Majirani wanasema siku hizi fundi amekuwa mtu wa watu.

Nawajibu ndiyo, amekuwa.